Kuogelea na Mfuko wa Stoma

Stoma ni tundu ambalo daktari wa upasuaji hulifungua kwenye ukuta wa tumbo ili kinyesi au mkojo upate njia nyingine ya kutoka. Ncha ya utumbo huvutwa hadi nje, hupinduliwa, kisha hushonwa kwenye ngozi. Ukiwa ni utumbo mpana, stoma huitwa kolostomi. Ukiwa ni mwisho wa utumbo mwembamba, huitwa ileostomi. Na mkojo unapoelekezwa nje kupitia kipande kifupi cha utumbo, huitwa urostomi. Stoma yenye afya ni nyekundu na ina unyevu muda wote, kama sehemu ya ndani ya shavu. Haina neva za maumivu, wala haina msuli wa kuibana. Mwenye nayo hawezi kuliambia tumbo lingoje mpaka choo kipatikane. Ndiyo maana huvaa mfuko mchana na usiku.

Njia zinazowafikisha watu kwenye stoma ni nyingi. Katika hospitali za Afrika Mashariki wengi huingia kwa dharura: utumbo uliojisokota, utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, majeraha ya ajali, au saratani ya puru iliyochelewa kugunduliwa. Wapo pia watoto waliozaliwa bila njia ya haja kubwa, ambao hukaa na kolostomi kwa muda mpaka njia itengenezwe. Mwandishi wa kumbukumbu hizi hakupitia dharura. Alizaliwa Tanga, akajifunza kuogelea kwa kutupwa majini na kaka zake, na ukubwani akapata maradhi ya vidonda vya utumbo mpana ambayo dawa zilishindwa kuyatuliza. Utumbo mpana wote uliondolewa, akabaki na ileostomi ya kudumu upande wa kulia, chini kidogo ya kitovu. Alipokwisha kuuliza kama atapona, swali lake lililofuata lilihusu bahari. Daktari alijibu kwa ufupi: ataogelea, ila kidonda kipone kwanza.

Jibu lile lilikuwa sahihi, lakini halikutosha, kwa sababu lilimwacha mgonjwa akidhani kwamba kikwazo chake ni maji. Uzoefu ulionyesha vingine. Maji ndiyo yanayosumbua kidogo kuliko yote. Mfuko huharibiwa na mafuta, jasho, joto na kujaa kupita kiasi, na mtu mwenyewe huzuiwa na macho ya watu. Hayo yote hutokea nchi kavu, na huko ndiko kujiamini majini kunakotengenezwa.

Historia ya mfuko wenyewe inaunga mkono jambo hilo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wagonjwa walijifunga vitambaa na pamba, au vikombe vilivyoshikizwa tumboni kwa mkanda. Miaka ya 1940, huko Chicago, mgonjwa wa daktari Alfred Strauss aliyeitwa Koenig alibuni mfuko wa mpira uliogandishwa kwenye ngozi kwa gundi. Ulikuwa hatua kubwa kwa wakati wake, japo si kitu ambacho mtu angekivaa chini ya nguo ya kuogelea kwa furaha. Mwaka 1952 Bryan Brooke, daktari wa upasuaji wa Birmingham, Uingereza, alieleza namna ya kuipindua ncha ya utumbo mwembamba ili ichomoze badala ya kulala sawa na ngozi. Kabla ya hapo majimaji ya utumbo huo, ambayo yana vimeng'enya vya kuyeyusha chakula, yalitambaa juu ya ngozi na kuichoma. Stoma iliyochomoza humwaga moja kwa moja mfukoni, ngozi ikabaki kavu, na ngozi kavu ndiyo inayoshika gundi. Mwogeleaji wa leo mwenye ileostomi ana deni kwa Brooke hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Kisha kuna Thora. Mwaka 1954, nchini Denmark, muuguzi Elise Sørensen alikuwa na dada wa jina hilo aliyekuwa amewekewa stoma. Kilichomsumbua Sørensen hasa ni kwamba dada yake alikuwa akiogopa kutoka nje, asije akavuja mbele za watu. Muuguzi huyo akawaza mfuko mwepesi wa plastiki wenye pete ya gundi, utakaobandikwa kwenye ngozi na kutupwa baada ya kutumika. Mtengenezaji wa bidhaa za plastiki, Aage Louis-Hansen, alikubali kuujaribu kwa kuhimizwa na mkewe Johanne, ambaye naye alikuwa muuguzi, na mwaka 1957 ikazaliwa kampuni ya Coloplast. Mifuko inayotumika leo, ya kampuni hiyo na ya nyinginezo, imetokana na wazo hilo. Kwa maneno mengine, mfuko wa kunata ulibuniwa ili uitibu hofu.

Hofu hiyo imewahi kupimwa mbele ya umati mkubwa kuliko wa ufuko wowote. Rolf Benirschke, mpigaji wa mateke wa timu ya San Diego Chargers katika mpira wa miguu wa Kimarekani, aliugua mwaka 1979, akaondolewa utumbo mpana na kuwekewa stoma, na mwaka 1980 alikuwa amerudi uwanjani. Alicheza hadi 1986, kisha akaandika kumbukumbu zake katika kitabu *Alive & Kicking*. Mchezo ule ni wa kugongana. Mfuko uliovumilia misimu kadhaa ya mchezo huo hauwezi kusemekana kuwa ni dhaifu mno kwa mawimbi ya Raskazone, ufuko wa Tanga.

Wanaoingia majini mara ya kwanza baada ya upasuaji karibu wote huuliza kama maji yataingia tumboni. Hayaingii. Utumbo husukuma vitu kuelekea nje kwa mikazo isiyokoma, na katika kina ambacho mtu wa kawaida huogelea, shinikizo la maji halitoshi kuishinda mikazo hiyo. Chumvi ya bahari haiidhuru stoma, wala klorini ya bwawa katika kiwango chake cha kawaida. Hata kama mfuko ungebanduka wote, madhara yangekuwa aibu na uchafu, si kuzama. Mfuko huvaliwa majini kwa sababu ileile inayofanya uvaliwe kitandani: stoma hufanya kazi bila ratiba.

Kinachostahili kueleweka kwa undani ni bamba la kunata, yaani sehemu inayokaa kwenye ngozi na kuubeba mfuko. Kwa kawaida bamba hutengenezwa kwa mchanganyiko wa gundi ya jamii ya mpira na vitu vinavyopenda maji, kama vile jelatini, pektini na selulosi iliyofanyiwa kazi kiwandani. Gundi hushika ngozi, na vile vingine hunyonya unyevu wa ngozi ili isichubuke. Uwezo huo wa kunyonya, ambao ni faida nchi kavu, ndio unaoliweka bamba katika mtihani linapozama. Ukingo wake hunywa maji, huvimba na kugeuka mweupe, na weupe huo husogea taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati. Bamba halibanduki ghafla. Huchoka kuanzia ukingoni, na mwenye kulijua hulisoma kwa jicho: weupe mwembamba pembeni si tatizo, lakini weupe uliokaribia tundu ni taarifa kwamba muda umekwisha. Mfuko ambao kwa kawaida hukaa siku 3 au 4 unaweza kuhitaji kubadilishwa jioni ya siku ya kuogelea, na hiyo si hitilafu, ni gharama ya kuogelea.

Muda wa kubandika una uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Gundi ya bamba huamshwa na joto la mwili, na huendelea kushika zaidi kwa saa kadhaa baada ya kubandikwa. Anayebadilisha mfuko ufukoni, mikono ikiwa na mchanga na ngozi ina jasho, kisha akajitosa mara moja, anaipa gundi kazi kabla haijashika. Mazoea mazuri ni kubadilisha usiku wa kuamkia safari, au angalau saa chache kabla, na kulikandamiza bamba kwa kiganja chenye joto kwa dakika moja au zaidi. Tundu la bamba likatwe lipite ukubwa wa stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo stoma hupungua ukubwa, kwa hiyo kipimo cha hospitalini kisitegemewe mwezi wa tatu.

Pwani, adui mkubwa wa bamba hukaa kwenye chupa: mafuta ya nazi. Mtu aliyelelewa akijipaka mafuta kila atokapo kuoga huona ngozi isiyopakwa kuwa imepauka, na mkono wake huenda tumboni bila yeye kufikiri. Tabaka jembamba tu la mafuta linatosha kuzuia gundi isishike. Sabuni zilizoongezwa mafuta ya kulainisha ngozi zina kasoro hiyohiyo, na losheni za kuzuia jua pia. Mwandishi alipewa ushauri mmoja na muuguzi wa stoma ambao hajawahi kupata ulio bora zaidi: sehemu ya tumbo inayobandikwa bamba ioshwe kwa maji matupu, ikaushwe kabisa, na mafuta yaanzie umbali wa kiganja kizima kutoka hapo. Nywele za sehemu hiyo zinyolewe au zipunguzwe. Jasho ni suala lingine. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam huwa na joto lenye unyevu ambalo humlowesha mtu kabla hajafika majini. Kukaa kivulini, si juani, kabla ya kuingia baharini huokoa bamba kuliko utepe wowote wa kuongeza.

Tepe hizo zipo, nazo husaidia. Zimetengenezwa kwa umbo la mwezi mchanga na hubandikwa kuzunguka ukingo wa bamba. Asiyezipata hutumia plasta ya hospitali inayovumilia maji, mradi ngozi yake haiwashwi nayo. Mkanda mwepesi wa kiunoni unaoshika masikio ya mfuko humfaa mwenye stoma iliyozama au tumbo lenye mikunjo. Jambo dogo linalosahaulika ni chujio. Mifuko mingi ya kolostomi na ileostomi ina kitundu chenye mkaa maalumu unaopitisha hewa na kunasa harufu. Mkaa ukilowa, haufanyi kazi tena. Ndani ya boksi la mifuko mara nyingi huwamo vibandiko vidogo vya duara ambavyo watu huvitupa bila kujua kazi yake: ni vya kuziba chujio wakati wa kuoga na kuogelea. Kikibanduliwa baada ya kukauka, chujio huendelea na kazi.

Kabla ya bahari, beseni. Anayetaka kuondoa wasiwasi ajaze maji kwenye beseni kubwa la kufulia au bafu la kulala, akae humo mpaka tumbo lizame, ajinyooshe, ajikunje, asogee kama anayepiga makasia. Atoke, ajikaushe, alitazame bamba. Jaribio hili halimgharimu mtu kitu na hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Lina faida ambayo maneno ya daktari hayana: mwili wenyewe umeshuhudia. Mwandishi alirudia mara kadhaa, zaidi kwa ajili ya akili kuliko bamba, na siku ya bahari ilipofika hofu yake ilihamia kwenye jambo jingine kabisa, yaani choo kiko wapi.

Choo ni swali la kijiografia, na pwani ya Afrika Mashariki hulijibu kwa kufuata mwezi. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, na asubuhi, kwenye saa nne hivi, yamekupwa kabisa. Kwenye fukwe tambarare kama za mashariki ya Unguja, maji yakipwa mtu huweza kutembea mbali sana juu ya mchanga, nyasi za baharini na mwamba kabla ya kupata kina cha kuogelea. Kwa mwenye mfuko hiyo ni safari ndefu ya kurudi endapo utajaa. Siku za maji mafu, kinyume chake, maji hujaa kwenye nusu ya asubuhi na hayasogei mbali. Kwa mwenye ileostomi hilo ni jambo la kupanga, kwa kuwa utumbo wake hutulia zaidi asubuhi kabla ya kula kitu kizito na huchangamka saa kadhaa baada ya mlo. Kuogelea mapema, mfuko ukiwa umetoka kumwagwa, bahari ikiwa karibu na nchi, ni raha inayopatikana kwa kuitazama kalenda. Wavuvi na wakulima wa mwani huishi kwa hesabu hiyo kila siku. Mwogeleaji huiazima tu.

Kuhusu chakula, mengi husemwa na machache ni ya lazima. Maharage, kabichi, vitunguu na soda huongeza hewa mfukoni, na mfuko uliojaa hewa huinuka chini ya nguo. Wali, ugali na ndizi huufanya uchafu wa ileostomi kuwa mzito zaidi. Mfuko umwagwe ukifika theluthi, na umwagwe tena kabla ya kuingia majini hata kama haujafika hapo. Mfuko mtupu hulala bapa tumboni, na huo ndio ufichaji bora kuliko nguo yoyote.

Hata hivyo nguo ina nafasi yake. Kitambaa chenye maua au mistari huvunja umbo la mfuko. Kitambaa cheupe cha rangi moja kikilowa huonyesha kila kitu. Wanaume huchagua bukta yenye kiuno kirefu kinachopita juu ya stoma, au huvaa fulana ya kubana ya michezo ya majini. Wanawake wengi wa pwani huingia baharini wakiwa wamevaa dira, suruali au vazi la kuogelea la kujisitiri, na kwa hilo mavazi yao yalikuwa tayari kwa stoma kabla ya stoma. Kanga iliyofungwa kiunoni ndiyo ya kuangaliwa: ikilowa huwa nzito, na fundo lake likikaa juu ya mfuko hulizuia tundu, uchafu ukakosa njia ya kushuka na kuanza kutambaa chini ya bamba. Nguo ya kubana haina ubaya, bali ibane sawasawa tumbo lote.

Mwaka 2014 picha ya mwanamitindo wa Kiingereza, Bethany Townsend, akiwa amevaa bikini na mifuko yake ikionekana wazi, ilisambaa duniani kote. Ilikuwa na manufaa. Watu wengi hawakuwa wamewahi kuuona mfuko wa stoma isipokuwa kwenye kitanda cha mgonjwa. Lakini kutokana na picha kama ile umezuka ushauri kwamba mwenye stoma hajajikubali mpaka auonyeshe mfuko, na ushauri huo haufai kila mahali. Pwani sitara ni adabu ya kila mtu, mwenye stoma na asiye nayo. Anayeufunika mfuko wake kama anavyoyafunika mapaja yake hajifichi. Kipimo cha kujiamini ni kama ameingia majini au amebaki akichunga viatu vya wenzake.

Watu huuliza, hasa watoto. Siku moja fulana ya mwandishi ilipanda akitoka majini, na vijana waliokuwa wakicheza mpira ufukoni wakaona. Mmoja akasogea. "Shikamoo, mjomba. Hicho nini?" Akajibiwa: "Marahaba. Ni mfuko wa haja, mwanangu. Nilipasuliwa." Kijana akataka kujua kama unauma, akaambiwa hauumi, akarudi kwenye mpira wake. Jibu fupi na la kweli humaliza maswali mengi. Watu wazima huuliza kwa mzunguko, wakianza na pole, na kwao pia sentensi mbili zinatosha. Asiyetaka kueleza anaweza kusema ni mambo ya hospitali, na kwa desturi za huku mtu mwenye adabu haendelei.

Kwenye mabwawa ya kuogelea mambo hutegemea zaidi kanuni na watu wanaozisimamia. Wapo wasimamizi wanaodhani mfuko ni kidonda kilicho wazi. Nchini Marekani sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, pamoja na marekebisho yake ya 2008 yaliyotaja waziwazi kazi za utumbo na kibofu, humpa mwenye stoma hoja ya kisheria mlangoni. Mahali ambapo hakuna sheria ya namna hiyo, kinachosaidia ni kumweleza msimamizi faraghani kabla ya kuvua nguo, si baada ya mzozo kuanza. Kwa upande wa afya, mfuko uliobandikwa vizuri umefungwa pande zote, na mwandishi haoni kwa nini uhofiwe kuliko watoto wadogo ambao kila bwawa huwapokea. Mwenye stoma naye ana wajibu wake. Uchafu wa ileostomi ni majimaji siku zote, na huko si kuharisha. Lakini ukiongezeka ghafla na kuwa kama maji matupu, hilo ni kuharisha, na anayeharisha haingii bwawani, awe na stoma au asiwe nayo. Kimelea cha kuharisha kiitwacho kriptosporidiamu huweza kuishi zaidi ya wiki nzima katika maji yenye klorini ya kutosha.

Suala ambalo halionekani, na kwa hiyo huwapata wengi, ni chumvi ya mwilini. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kurudisha maji na sodiamu kwenye damu. Asiyekuwa nao hupoteza kwa kawaida mililita 500 hadi 800 kwa siku kupitia stoma, na sodiamu nyingi huenda na majimaji hayo. Siku ya joto ufukoni huongeza jasho juu yake. Kunywa maji matupu kwa wingi hakutoshi, na yakizidi sana huweza hata kuongeza yanayotoka. Madafu, ambayo ndiyo kinywaji cha kwanza kufikiriwa pwani, yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Ni matamu, lakini hayajazi pengo lenyewe. Linalojaza ni dawa ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji inayouzwa kwa pakiti kwenye kila duka la dawa. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mkojo mchache wenye rangi nzito, misuli inayokaza na kizunguzungu mtu anaposimama ni dalili za kutoka majini na kunywa mchanganyiko huo.

Wenye stoma za aina nyingine wana shida pungufu au tofauti. Kolostomi ya upande wa kushoto hutoa kinyesi kigumu mara chache kwa siku, na baadhi ya wenye nayo hufundishwa na muuguzi kuusafisha utumbo kwa maji ya uvuguvugu kupitia stoma, kila siku au siku moja baada ya nyingine. Utumbo ukishatoa vyote hutulia, na mtu huogelea akiwa amevaa kifuniko kidogo tu badala ya mfuko. Urostomi haina mapumziko, kwani mkojo hushuka wakati wote. Mwenye nayo humwaga mfuko dakika ileile ya kuingia majini na hukaa kwa vipindi vifupi. Mfuko wake una vali inayozuia mkojo usirudi juu, jambo lenye manufaa anapolala kifudifudi akielea.

Wanaopiga mbizi kwa mitungi huongezewa suala la hewa. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo huwa mara 2 ya lile la juu ya maji, na hewa iliyobanwa huko hurudia ukubwa wake mtu anapopanda. Stoma ya kawaida huipa hewa hiyo njia ya kutoka, na mfuko ulio mtupu una nafasi ya kuipokea. Tofauti ni kwa mwenye kifuko cha ndani kilichobuniwa na Nils Kock wa Sweden mwaka 1969, ambacho hushikilia uchafu ndani ya tumbo kwa vali; hewa iliyonaswa humo ikipanuka haina pa kwenda, na kwa sababu hiyo madaktari wa mbizi hukikataa. Mkanda wa vipande vya risasi unaomsaidia mpiga mbizi kuzama nao usikae juu ya stoma.

Kuanza tena kuna mpangilio wake. Kidonda kiwe kimefunga kabisa na daktari awe ameruhusu, na kwa wengi hilo huwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ukuta wa tumbo uliotobolewa huwa dhaifu pembeni mwa stoma, na ngiri hapo ni jambo la kawaida. Kwa hiyo mwanzo uwe kuelea chali na kuogelea kwa utulivu, si mtindo wa kipepeo unaokaza tumbo zima. La hatari kuliko mtindo wowote ni kupanda chombo. Mtu aliyekulia baharini hujivuta kwenye ngalawa kwa kulalia ukingo kwa tumbo. Mwenye stoma hupandia ngazi, au husukumwa na mwenzake akiwa amegeuka ubavu. Stoma ikikwaruzwa hutoka damu kwa urahisi, na kwa kuwa haina maumivu, mwenyewe huenda asijue mpaka aione nguo.

Yote haya yanachukulia kwamba mfuko wa kunata upo. Afrika Mashariki haupo kwa kila mtu. Hupatikana kwenye maduka ya dawa ya miji mikubwa kwa bei inayoumiza, na wengine hutegemea ndugu walio Uarabuni au Ulaya wautumie. Asiyeupata hujifunga kitambaa au mfuko wa plastiki wa kawaida, na kwa vifaa hivyo hakuna namna ya kuogelea kwa usalama wa heshima yake. Kwa mwenye stoma ya muda, kungoja mpaka ifungwe ndiyo njia. Kwa mwenye ya kudumu na mifuko michache, mwandishi ameona wenzake wakipanga kuogelea iangukie siku ambayo mfuko ungebadilishwa hata hivyo, ili maji yasile mfuko mpya.

Baada ya kutoka baharini, mfuko na ngozi husuuzwa kwa maji baridi, mchanga ukatolewa ukingoni, kisha kila kitu hukaushwa kwa kugusisha taulo bila kusugua. Kibandiko cha chujio huondolewa. Bamba lililogeuka jeupe karibu na tundu hubadilishwa siku hiyohiyo, na ngozi iliyo chini yake hutazamwa kama ina wekundu. Vifaa vya akiba huwa ni mfuko uliokwisha kukatwa tundu, vitambaa laini, chupa ya maji, taulo la rangi nzito na kifuko cha takataka. Akiba hiyo ikae kivulini, kwa sababu gundi iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani hulainika na kuharibika. Bamba likiachia mtu akiwa majini, hulikandamiza kwa mkono mmoja na kutoka kwa mwendo wa kawaida. Stoma ikigeuka rangi ya zambarau au nyeusi, ikivimba ghafla, au ikiacha kutoa kitu huku tumbo likikata, hilo si suala la mfuko tena na hupelekwa hospitali siku hiyo.